Fremu ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai haijapoa.

Mke wangu amepata kazi ya kushona sare za shule. Sare mia mbili na arobaini! Mwenye shule amemwamini, na vitambaa ameshatoa. Cherehani nne zinaletwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikampongeza. Nikamuuliza zitakaa wapi. Akanyoosha kidole dirishani, polepole, kama hakimu anayemwonyesha mshtakiwa njia ya gereza.

Fremu.

Nieleze, maana wajukuu watasoma siku moja. Nyuma ya nyumba yetu kuna fremu ya gari la zamani. Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe. Bodi ililiwa na kutu, injini iliuzwa, viti sijui. Imebaki ile mifupa ya chini: vyuma viwili virefu na vitano vya kukatisha. Urefu mita nne na sentimita kumi na mbili. Upana mita moja na thelathini. Uzito, kwa hesabu yangu, kilo mia na sitini na tano. Mama mkwe alituachia miaka sita iliyopita, akasema tuitafutie kazi yenye heshima. Nimekuwa nikitafuta. Nina mipango kumi na mmoja daftarini. Mtu asije akasema nimekaa bure.

Mke wangu amesema mpango wa kumi na mbili ni wake. Jumamosi saa tatu ikikuta fremu ipo pale, cherehani zinakwenda kwenye chumba kitupu cha mdogo wake. Na yeye atakwenda huko kila asubuhi, arudi jioni. Chakula cha mchana nitajua mwenyewe.

Kwa shemeji! Mimi, fundi wa mageti kwa miaka ishirini na miwili, niliyeanza na tupa moja ya kuazima na leo nina mashine mbili za kuchomelea! Mke wangu akafanye kazi kwa shemeji kwa kukosa mita nne za uwanja!

Shemeji mwenyewe akatokea saa nne, bila kuitwa. Ananunua chuma chakavu. Mizani yake ya kuning'iniza huibeba begani, kama wengine wanavyobeba mwavuli. Akaizunguka fremu, akapiga mluzi, akaniambia hii tuikate vipande vitatu, nusu saa tu, wala usijisumbue shemeji yangu.

Nikamwambia akakate kucha zake.


Jumanne, 4 Machi

Mpango namba nne: mnara wa tangi la maji. Hesabu ni nyepesi. Fremu ikilala inakula mita za mraba tano na zaidi. Ikisimama wima inakula robo mita. Kwa nini sikuliona hili miaka sita? Kwa sababu nilikuwa nafanya kazi, ndiyo maana.

Nikawaita vijana wawili wa jirani na muuza maziwa. Ikasimama saa tano kasorobo. Nikaifunga kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Jirani akachungulia akaniuliza kama nimefungua kituo cha redio. Mke wangu akauliza tangi la lita elfu litakaaje juu ya kitu chembamba namna ile. Nilikuwa sijafika sehemu hiyo ya hesabu.

Saa tisa, hodi getini. Mzee mrefu, mkimya, na glavu nyeupe mikononi, jua kali hivi. Jina alilitaja lakini mimi nilikuwa natazama glavu, kwa hiyo ni Bwana Glavu. Alikuwa anapita barabarani akaiona fremu imechungulia juu ya ukuta wetu. Karibu agonge mti. Anakusanya magari ya zamani. Analo gari la aina hii hii, bodi nzima, viti vya ngozi, taa zote mbili. Fremu yake ndiyo imeoza. Ametafuta nyingine kwa miaka tisa.

Miaka tisa! Nikakunja uso, nisionekane nina furaha.

Akataja bei. Bei mimi huwa naipima kwa matofali, maana pesa hubadilika lakini tofali ni tofali. Matofali elfu moja na mia nne, na mabati kumi na manane juu yake! Hicho ni chumba cha cherehani kizima, na mlango. Nikakohoa ili nisicheke.

Atarudi Alhamisi kuikagua. Kabla ya kuondoka akanishika mkono na kuniomba jambo moja, akalirudia mara mbili: nisiguse kitu. Ibaki vilevile, na kutu yake, na uchafu wake.

Jioni nikamwambia mke wangu asifungashe. Chumba kipo. Akasema ataamini akiona tofali la kwanza. Lakini nilimwona akipima ukuta kwa macho, mahali pa kuweka dirisha.


Jumatano, 5 Machi

Nimeligeuza lile neno kichwani tangu alfajiri. Nisiguse kitu! Kwa nini?

Mnunuzi anayetaka kitu kibaki kichafu ana lake jambo. Anakuja na uso wa msiba, anasema angalia kutu hii, mzee, tupunguziane. Nimeuza mageti miaka ishirini na miwili, mbinu hiyo naijua. Geti lenye kutu na geti lililopakwa rangi yanapishana bei kwa theluthi. Theluthi ya matofali elfu moja na mia nne ni mia nne sitini na sita. Nani atakubali matofali mia nne sitini na sita yaende na kutu?

Si mimi.

Tukailaza fremu chini. (Muuza maziwa sasa anataka chai kila anaponyanyua kitu.) Brashi ya waya kwanza, halafu grenda. Saa saba za kazi bila kupumzika. Nilipomaliza, chuma kilikuwa laini kama sahani. Sheria yangu ni hiyo, vijana wote waliopita karakana yangu wanaijua: mkono wa mteja usikutane na kitu. Kila uvimbe nimeulaza. Kila tundu lisilo na kazi nimeliziba. Kwenye chuma cha kulia, karibu na gurudumu la mbele, mtu alikuwa amegongagonga herufi na namba, zimepinda, moja juu moja chini. Kazi ya ovyo kabisa. Nikazisaga zikaisha, nikaziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi mikono mitatu. Huwezi kujua palikuwa na kitu.

Shemeji akapita na mizani yake. Akauliza kwani maiti anapakwa poda ya nini. Nikamwambia Alhamisi asipite njia hii, wivu utamuua. Akasema sawa shemeji, na mluzi ule ule.

Mama mkwe alikuja kumsalimia mwanawe. Alisimama mlangoni muda mrefu akiitazama fremu. Akasema, mwanangu, mimi sijawahi kuiona ikiwa safi. Nikamshukuru. Nadhani ilikuwa sifa.


Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Lakini si kosa langu, na nitaeleza kwa nini.

Bwana Glavu alifika saa nne kamili. Tochi, kioo kidogo chenye mpini, karatasi. Alipoiona fremu inang'aa alisimama ghafla. Nikafikiri amekosa maneno. Akapita moja kwa moja hadi upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Akapiga magoti. Akamulika. Akapapasa. Akamulika tena. Akavua glavu moja, akapapasa kwa vidole vitupu.

Kisha akauliza, kwa upole mno, namba iko wapi.

Namba gani?

Kumbe gari la zamani ni fremu, na fremu ni namba yake. Namba ile iligongwa kiwandani siku gari lilipozaliwa, na ofisi ya usajili haimtambui mtu wala kitu bila hiyo. Fremu yenye namba ni gari. Fremu isiyo na namba ni chuma cha kawaida, kama chuma cha kitanda. Akakaa juu ya ndoo yangu ya rangi. Ilikuwa bado mbichi pembeni. Sikumwambia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alisema nisiguse kitu. Nikamwambia hiyo si kusema, hiyo ni kufumba! Mtu akitaka namba aseme namba!

Mke wangu alikuwa amesimama dirishani na futi yake ya kushonea shingoni. Akalifunga dirisha.

Bwana Glavu ni mvumilivu, nampa haki yake. Alisema kama kuna kadi ya zamani ya gari, yenye namba ile, ofisi huwa inatuma mtu wake kukagua na kuigonga upya. Inawezekana. Nitafute kadi.

Mama mkwe, nilipomuuliza, akasema kadi ipo. Karatasi zote za marehemu zimo kwenye mkebe, na mkebe uko kwa shemeji. Niende nikamwombe.

Nikamwombe! Aje getini na mkebe kwapani na mluzi wake! Nisikie maisha yangu yote kwamba bila yeye nisingejenga hata banda la kuku!

Wala hakuna haja. Shida ni namba tu, na namba ni kitu changu. Simu za wateja mia tatu nimezihifadhi kichwani. Vipimo vya kila geti nililotengeneza tangu mwaka wa kwanza, niulize. Namba ile niliisaga kwa mkono wangu, maana yake niliiona kwa macho yangu. Itakuja.

Nimemwambia Bwana Glavu arudi kesho saa kumi.


Ijumaa, 7 Machi

Ilikuja! Saa tatu asubuhi, nikinywa chai, namba ikashuka yenyewe, tarakimu kumi, mfululizo, bila kusukumwa. Nikajua ndiyo yenyewe. Kichwa changu hakidanganyi.

Nikatoa vile vyuma vidogo vya kugongea namba, navitumia kuweka tarehe kwenye mageti. Nikakwangua rangi palepale. Nikagonga moja moja kwa kipimo, milimita nane kati ya tarakimu na tarakimu. Nyoofu kuliko walivyofanya kiwandani. Ningekuwa mimi fremu, ningeshukuru.

Saa kumi wote wapo. Mke wangu na mama mkwe wameketi kwenye mkeka wakikunja vitambaa vya sare. Hata shemeji kaja, ati alikuwa anapita. Bwana Glavu akapiga magoti, akamulika, akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.

Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia asilimia mia moja.

Akasema magari ya aina hii yana herufi mbili na tarakimu sita. Hii ina tarakimu kumi na inaanza na sifuri. Nikamwambia labda hili lilikuwa toleo maalumu.

Alitoa simu yake mfukoni, akaangalia fremu, akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, akaiweka simu sikioni.

Kwenye mkeka, ndani ya leso ya mama mkwe, simu ikalia.

Mama mkwe akaifungua leso, taratibu, fundo moja, fundo la pili. Akapokea. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Bwana Glavu, hatua tatu kutoka kwake, akamsalimia shikamoo kwa simu. Mama mkwe akaitikia marahaba kwa simu, akamuuliza anatokea wapi.

Naweza kueleza. Kila Jumapili kwa miaka sita namnunulia mama mkwe salio. Namba yake imekaa mbele kabisa kichwani, kama kiatu mlangoni. Mtu yeyote angeikanyaga.

Shemeji alicheka mpaka mizani ikamdondoka begani. Halafu, na hili sitalisahau, akaacha kucheka. Akaenda kwake mbio na kurudi na ule mkebe. Kadi imo. Herufi mbili, tarakimu sita, safi. Akasema, shemeji, si ungeniomba tu? Ningekuletea Alhamisi ile ile, na wala nisingekula chochote chako.

Bwana Glavu akaisoma kadi kwa muda mrefu. Akasema jana ingetosha. Leo hakuna ofisi itakayoigusa fremu iliyogongwa namba ya uongo, watataka kujua nani kaigonga, na mimi sitapenda maswali yao. Akavua glavu zake kidole kwa kidole. Akasema amenunua mengi katika maisha yake, ila hanunui chuma kinachopokea simu.

Matofali elfu moja na mia nne yakatoka getini na yule mzee. Mabati kumi na manane yakamfuata.

Nilitegemea mke wangu apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa, nina majibu saba. Alichukua vile vitambaa alivyokunja akaanza kuvitia kwenye mifuko, ya kupeleka kwa mdogo wake. Akawa anavipangusa kila kimoja kabla ya kukitia, ingawa vilikuwa safi. Majibu yangu yote saba nikabaki nayo.


Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili na nusu shemeji yuko uwanjani na mtungi wa gesi wa kukatia chuma. Mizani ameshaitundika kwenye tawi. Sikuwa na mpango. Naandika hili kwa mara ya kwanza katika daftari hili: sikuwa na mpango.

Saa tatu kamili gari la cherehani likapiga honi. Mke wangu akawaambia wasishushe, mzigo unaendelea mtaa wa pili. Alikuwa na jora zima la kitambaa begani, zito, akatafuta pa kulituliza kidogo. Ardhi ina vumbi. Akaliweka juu ya fremu.

Likabingirika. Likaenda lenyewe juu ya vile vyuma hadi mwisho, kitambaa kikajinyoosha nyuma yake, mita nne, bila kukunjana.

Mke wangu akasimama. Akatoa futi shingoni. Akapima urefu, akapima upana, akapima kutoka chini hadi kiunoni pake. Shemeji alikuwa ameshawasha moto. Akamwambia zima.

Shemeji akasema dada, lakini... Akamwambia, nimesema zima, mbao zako zile za stoo ziko ngapi?

Kumbe mtu anayekata sare mia mbili na arobaini anataka meza ndefu kuliko anavyotaka kuta. Kwenye chumba cha shemeji meza ya mita nne haiingii. Angekata kitambaa sakafuni, amepiga magoti, mwezi mzima. Hili hakuniambia. Mimi pia sikumuuliza, lakini nilikuwa na mambo mengi wiki hii.

Mama mkwe akaletewa kiti. Akasema marehemu kila Jumamosi alikuwa analala chini ya fremu hii kuitengeneza, na gari lenyewe alilipanda mara nne tu. Basi sasa na mtu afanye kazi juu yake. Akajifuta macho kwa ile leso yenye simu.

Tumefanya kazi hadi saa kumi na moja, mimi na shemeji. Nimechomelea miguu minane, sentimita themanini na nane kila mmoja. Yeye kaleta mbao, nguzo nne na mabati ya kuezekea, yametumika lakini hayavuji. Paa limesimama, cherehani nne zipo chini yake, mke wangu yuko nyumbani kwake. Shemeji alishika nguzo nilipokuwa nachomelea na hakupiga mluzi hata mara moja. Karibu nimshukuru.


Ijumaa, 14 Machi

Wiki njema! Mke wangu ameita mafundi wenzake watatu, na sare mia moja na themanini zimeshonwa, zimekunjwa, zimepangwa juu ya meza kwa ukubwa. Wapita njia wanaingia kuitazama meza yenyewe. Leo mama mmoja aliuliza nani aliyebuni. Nikamwambia ni wazo lililonichukua miaka sita kulikamilisha. Ni kweli ukihesabu.

Maana nimekaa nikalitazama jambo hili kwa utulivu. Kama ningeiuza, meza ingetoka wapi? Kama nisingeisaga, kitambaa kingenasa. Kila hatua ilikuwa sahihi. Nimempa mke wangu hesabu hiyo wakati wa chai. Ameniomba nimpishe, ana vifungo vya kushona.

Ana lalamiko moja tu. Asubuhi jua linampiga machoni upande ule, mchana linakuja upande huu. Anazunguka na kitambaa mkononi. Jambo dogo, amelisema mara moja tu, wala hakuomba lishughulikiwe. Lakini mimi ni mtu wa kushughulikia.

Mchana huu, alipokwenda kununua uzi, nimekata miguu sentimita kumi na tano na kuweka magurudumu manne. Magurudumu mazuri, ya mkokoteni, kutoka kwa shemeji. Sasa meza inafuata kivuli! Unaisukuma kwa kidole kimoja. Hakuna fundi cherehani mwenye kitu kama hiki, popote.

Uwanja una mteremko kidogo, sentimita nne kwa kila mita, unaishia getini. Nimeupima. Si kitu. Nimeweka jiwe kwenye gurudumu moja. Breki nitaweka Jumatatu.

Geti nimeliacha wazi, mwenye shule anakuja saa kumi na gari lake kuchukua sare za kwanza.

Nasikia mke wangu amerudi. Ananiita. Ananiita kwa jina langu kamili, na la baba yangu, na la babu yangu. Jirani naye anapiga kelele, sijui amefurahia nini.

Ngoja nikapokee shukrani.